Amplifaya ya zamani inavuma na kuunguza spika: itengenezwe au iuzwe?

Swali: «Shikamoo, fundi. Ninasimamia vyombo vya kwaya yetu hapa Kibaigwa. Tuna amplifaya kubwa ya Kimarekani ya miaka ya 1980 tuliyopewa na wageni wa kanisa. Nyuma imeandikwa volti 120, wati 400 kila upande kwenye ohm 4. Tunaiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme ya wati 1,000, na kila upande tumefunga spika nne za ohm 8. Siku hizi upande wa kushoto unavuma hata muziki ukiwa umezimwa. Tukiwa kwenye mkutano wa nje, ikifika dakika arobaini hivi mashine inazima yenyewe, ikipoa inarudi. Mwezi uliopita sabufa mbili ziliungua, zote za kushoto. Fundi wa hapa anataka abadilishe transista zote. Kamati inataka tuiuze tununue mpya, nyepesi. Wewe unasemaje?»

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kachomoe waya za spika za upande wa kushoto, zikae hivyo hivyo mpaka umalize kupima. Sabufa mbili zilizokufa upande mmoja, na upande huohuo unavuma, kwangu hilo ni jambo moja wala si mawili. Nahisi mashine inatoa umeme wa DC, yaani ule wa kukaa palepale kama wa betri, kwenye soketi ya spika.

Mashine ya ukubwa huo ndani yake ina njia mbili za umeme, moja kama volti 65 chanya na nyingine kama 65 hasi. Transista za mwisho, zile zenye kofia za chuma, zimekaa katikati ya njia hizo kama walinzi wa malango mawili. Muziki ukipanda, lango la juu linafunguka. Ukishuka, la chini. Kukiwa kimya, kwenye soketi ya spika panatakiwa kuwa sifuri. Transista moja ikipiga shoti, lango limebaki wazi na volti 65 zote zinamwagika kwenye spika. Koili ya spika ya ohm 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6. Sasa piga hesabu: 65 mara 65, gawanya kwa 6. Ni wati zaidi ya 700, tena si za muziki unaopanda na kushuka, ni za kukaa palepale. Koni inasukumwa mbele na kuganda, na kwa kuwa haitikisiki, koili haipati hata ule upepo wake wa kujipoza. Sekunde chache tu zinatosha kuunguza.

Kwako huenda haijafika shoti kamili, maana mara nyingi fyuzi ingekatika. Lakini hata volti 8 au 10 za DC zinazovuja kwa saa nzima zinaipika koili taratibu, na watu mnadhani sabufa imezidiwa na besi.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Spika zimechomolewa, mixa imechomolewa, vitufe vya sauti vimeshushwa. Weka mita kwenye volti za DC, anza na kipimo cha 200, gusa chanya na hasi za soketi ya spika, kisha shuka kwenye kipimo kidogo. Chini ya milivolti 50, mashine ni nzima. Ikizidi milivolti 100, kuna kitu cha kutafuta. Ikifika volti nzima, usiweke spika hapo hata kwa kujaribu. Pima pande zote mbili, uandike.

DC ikiwa ndogo, rudisha spika moja na mixa, kisha sikiliza ule mvumo. Ukichomoa waya wa mixa na mvumo ukapotea, tatizo liko nje, mara nyingi ni ethi zinazozunguka kati ya mixa na amplifaya. (Hapo kuna tabia mbaya ya kukata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo ukome. Ukome kweli, lakini siku waya wa umeme ukigusa bodi ya chuma, mwenye maikrofoni ndiye atakayekuwa ethi. Usifanye.) Ukichomoa na bado unavuma, tatizo liko ndani ya mashine. Kama mvumo ungekuwa pande zote mbili ningezishuku kapasita kubwa, kwa kuwa kwenye mashine nyingi pande zote zinakula kutoka kwenye kapasita zilezile. Kwa kuwa ni kushoto peke yake, nakwenda moja kwa moja kwenye bodi ya kushoto na transista zake.

Sasa kufungua. Chomoa plagi, kisha usiingize mkono bado. Zile kapasita mbili nene kama makopo ya maziwa zinashika umeme hata baada ya plagi kutoka ukutani. Kati ya chanya ya moja na hasi ya nyingine kuna volti 130, na hizo zinaweza kuua mtu. Usizimalize kwa bisibisi kama nionavyo vijana wanafanya, cheche ile inakula miguu ya kapasita na inaweza kukuruka usoni. Chukua rezista ya ohm 220 ya wati 10, iunganishe na waya mbili zenye mpira mzuri, gusisha kila kapasita kwa sekunde kumi na tano, kisha hakikisha kwa mita.

Ukishafungua, utaona kitu nisichohitaji kuwa hapo ili nikuambie: vumbi jekundu limejaa kama blanketi kati ya mapezi ya alumini yanayopoza transista. Mashine zinazokuja kwangu kutoka Kongwa, Bahi na Manyoni zote ziko hivyo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wetu haupoi, ardhi imekauka, na mikutano ya nje ndiyo msimu wake. Feni inavuta hewa ya uwanjani saa nne nzima, na wanakwaya wako wanaruka mbele ya jukwaa. Vumbi likipata unyevu wa masika linashikamana, na likishikamana, feni inazunguka bure. Toa kwa brashi kavu ya rangi na upepo mkavu, na ushike mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza, yasizunguke kwa kasi yakaharibu beringi. Kisha washa uone kama feni inazunguka kweli. Nimepokea mashine tatu mwaka huu zenye ugonjwa wa «kuzima ikipata moto», na kwenye mbili kati ya hizo feni ilikuwa imekufa siku nyingi.

Lakini kuzima kwenu kuna sababu nyingine, nayo umeiandika mwenyewe. Spika nne za ohm 8 zikifungwa sambamba upande mmoja zinakuwa ohm 2. Mashine imeandikwa ohm 4. Umeifungia mzigo mara mbili ya ule iliojengewa, ukaiweka juani, ikapumua vumbi, na ikavumilia dakika arobaini. Hiyo si mashine mbovu. Ile swichi ya joto inayoizima ndiyo imeziokoa transista zako mpaka leo. Funga spika mbili kila upande, au kama zote nne ni za lazima, tafuta mashine ya pili. Na ile swichi ya briji nyuma, inayounganisha pande mbili ziwe moja, usiiguse kabisa kwa spika hizo, kwa sababu kwenye briji kila upande unauona mzigo kama nusu yake.

Kuhusu kubadilisha transista zote, nina neno, maana hapa niliumia. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza mashine ya bendi moja. Nilinunua transista kwenye duka moja, namba sahihi, zinang'aa. Nikafunga, nikajaribu kwa spika moja mezani, sauti safi. Usiku ule ilikuwa harusini Mpwapwa. Bibi na bwana harusi ndio wanaingia ukumbini, MC kapandisha sauti, transista mbili zikafa na sabufa nne za bendi zikaungua pamoja nazo. Nililipa sabufa zile. Kesho yake nilichukua transista moja iliyokufa na moja ya zamani halisi, nikazisaga kofia zote mbili kwa tupa. Ndani ya ile halisi kipande chenyewe kinachofanya kazi kilikuwa kipana kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimekaa juu ya bamba la shaba. Ndani ya ile ya duka kilikuwa kama punje ya uwele. Namba zilizoandikwa juu ni zilezile, lakini kipande kile kisingeweza kubeba hata robo ya kazi.

Kwa hiyo usibadilishe transista nzima za zamani kwa sababu tu ni za zamani. Transista haichakai kama tairi. Zitoe za kushoto moja moja, zipime kwa mita kwenye kipimo cha diodi, zilizopiga shoti au kukatika ndizo zitoke. Ikibidi kubadilisha safu, badilisha safu nzima kwa aina moja kutoka kwa muuzaji mmoja, na saga moja uione ndani kabla ya kufunga nyingine. Najua inauma kuharibu kitu ulichonunua, lakini ni nafuu kuliko sabufa nne. Angalia pia volti: MJ15003 na mwenzake MJ15004 zinasifika na ni za ampea 20, ila mwisho wake ni volti 140. Kwenye mashine yenye njia za volti 65 na 65 transista inaweza kuona 130, na umeme wa mtaani ukipanda kidogo umefika ukingoni. MJ15024 na MJ15025 ni za volti 250, zinakupa nafasi. Mashine nyingi za Kimarekani zimeandikwa namba za kiwanda chenyewe juu ya kofia, usizitafute dukani, tafuta kitabu cha ufundi cha mashine hiyo uone zinalingana na nini. Safisha grisi nyeupe ya kale, ambayo kwa umri huo itakuwa imekauka kama chokaa, weka mpya nyembamba, na kagua kipande cha mika, kile kinachozuia umeme kupita, chini ya kila transista. Kikiwa na ufa hata mdogo kama unywele, badilisha. Kagua na zile rezista nyeupe za ohm 0.33 au 0.22 zilizo jirani. Transista ikifa mara nyingi huondoka na rezista yake, na fundi mwenye haraka huipita.

Kapasita ni habari nyingine, hizo huzeeka kweli. Ndani yake kuna majimaji, na joto huyakausha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata umri wake nusu. Zilizovimba kichwa au kutoa gundi miguuni zitoke. Mashine ikiwa kimya, pima volti za AC, yaani umeme unaopanda na kushuka, juu ya kila kapasita kubwa: ikizidi volti moja, imechoka. Zile ndogo kwenye bodi ya kuingizia sauti badilisha zote bila kufikiri sana, weka zinazohimili joto la nyuzi 105, gharama yake ni ndogo.

Ukimaliza usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tengeneza taa ya mfuatano: balbu ya zamani ya waya ya wati 100, si ya LED, iliyofungwa katikati ya waya mmoja wa umeme, kabla ya ile transfoma ya kushusha. Washa bila spika. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, mashine inapumua vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti bado, zima, hakuna kilichoungua. Balbu hiyo moja imeniokolea transista nyingi kuliko chombo kingine chochote mezani kwangu.

Tangu ile harusi ya Mpwapwa sikabidhi mashine bila kuifanyisha kazi saa nzima. Unahitaji mzigo usiopiga kelele. Mimi natumia hita za koili za kuchemshia maji, za wati 1,000. Kila moja ukiipima inasoma kama ohm 53. Sita zikifungwa sambamba ni karibu ohm 9, nazitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, na mkono haugusi maji hayo mashine ikiwa imewashwa. Napiga muziki wa besi mpaka taa ya klipu, ile inayoonya kuwa mawimbi yanakatwa, inakonyeza, saa nzima, feni ikisikika, kisha napima tena DC mashine ikiwa ya moto. Kuna transista inayokaa vizuri ikiwa baridi na kuvuja ikipata joto.

Sasa umeme wenyewe. Transfoma yenu ya wati 1,000 ni ndogo. Amplifaya ya aina hiyo ikitoa wati 400 na 400 inaweza kuvuta ukutani kama 1,400, kwa kuwa nyingine inapotea kama joto. Ngoma ikigonga, transfoma inalegea, volti zinashuka, mawimbi yanakatwa kichwa, na mawimbi yaliyokatwa ndiyo yanayoua twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Nunua ya 2,000 au zaidi. Ila kwanza fungua uangalie: mashine nyingi za kazi zina transfoma yenye koili mbili za volti 120 upande wa kuingilia, ambazo kiwandani huungwa kwa mfuatano zikawa 240. Kama yako ni hivyo, achana kabisa na transfoma ya nje. Lakini angalia feni! Mara nyingi feni nayo ni ya volti 120. Ukibadilisha transfoma bila kuifikiria, itapata 240 na kuungua siku hiyohiyo, halafu mashine itaanza tena kuzima kwa joto na utadhani kazi yote ilikuwa bure. Feni ibaki kwenye nusu moja ya koili. Fyuzi nayo ishuke iwe nusu ya ampea zilizoandikwa.

Soma pia kama imeandikwa 50/60 au 60 peke yake. Marekani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, sisi mara 50, na transfoma ya kushusha inabadilisha volti tu, mapigo hayabadiliki. Chuma cha transfoma kilichokatwa kwa ajili ya 60 peke yake kinapata joto zaidi huku. Iache imewashwa saa moja bila muziki, chomoa, ushike transfoma. Ukishindwa kuacha kiganja juu yake, hiyo mashine si ya kwetu, na hapo nitakubaliana na kamati.

Nyaya mnazotumia hukuzitaja, lakini nimeona kwaya nyingi zikipeleka spika mita 20 kwa waya mwembamba wa taa wa nusu milimita ya mraba. Kwenda na kurudi ni mita 40, ohm 1.4 za bure. Kwenye mzigo wa ohm 4 spika zinapungukiwa karibu nusu ya nguvu, kisha mnaipandisha mashine kufidia. Tumieni wa milimita 2.5, na mashine ikae karibu na spika. Waya mrefu uwe ule wa kutoka kwenye mixa.

Kuuza au kubaki nayo? Mimi ningebaki nayo, kama transfoma na mapezi viko sawa. Crown DC300 ilitoka mwaka 1967 ikiwa na wati 150 kila upande kwenye ohm 8, na katikati ya miaka ya 1970 Peavey CS-800 ikafikisha 400 kwenye ohm 4. Mashine za ukoo huo zilijengwa zibebwe kwenye malori na kupigwa kila usiku. Kila kitu ndani kinaonekana kwa macho, kinatoka kwa bisibisi na pasi ya kulehemu, na mchoro wake upo. Mpya nyepesi zina uzuri wake: zinapoteza joto kidogo, nyingi zinakubali umeme unaopanda na kushuka, na mtu mmoja anazipakia kwenye bodaboda. Zikifa hapa Dodoma, ni bodi nzima itoke na nyingine iagizwe. Kama mnasafiri kila wiki na hamna kijana wa kunyanyua kilo zaidi ya 20, nunueni mpya. Kama ni ibada na mkutano wa mara moja kwa mwezi, hela hiyo inatosha kuitengeneza hiyo na kununua nyaya.

Ikirudi kazini, ifungie bodi ya kulinda spika, maana nyingi za umri huo hazina relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, ya kukata DC. Usichukue yoyote. Relei za bei rahisi zimeandikwa volti 30 za DC. Zikikata volti 65 cheche inaruka na chuma kinagandana, spika inaungua na relei ikiwa imefungwa. Chagua yenye nafasi kubwa kati ya miguu, na uifunge hivi: mguu wa kati uende kwenye spika, ule unaofunga relei ikilala uende ardhini. Hapo hata cheche ikiruka, umeme unakwenda ardhini na fyuzi inakatika. Na mpangilio wa kuwasha mnaufahamu: mixa kwanza, amplifaya mwisho, kuzima, amplifaya kwanza.

Kama kwaya yenu inatumia ilimba (ile ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba) au ngoma za muheme, zijaribu hizo kabla ya kinanda. Muheme unagonga kwa nguvu ya ghafla inayoonyesha umeme ukilegea. Ilimba ina mkwaruzo wake wa asili mtamu, na mashine inayokata mawimbi inaongeza mkwaruzo mwingine juu yake, ambao mtu aliyekulia Ugogoni anautambua mara moja. Mwite mzee anayeipiga akae mbele ya spika, umsikilize yeye kuliko taa za mashine.

Niandikie ukishapata namba nne: DC ya kushoto ikiwa baridi, DC ya kushoto baada ya dakika kumi, DC ya kulia, na volti za ukutani hapo Kibaigwa saa mbili usiku. Piga na picha ya kibandiko cha transfoma. Nikiziona nitajua kama uje na mashine nzima au bodi ya kushoto peke yake.